Pilipili ya Shamba na Pilipili ya Kopo

Wahenga walisema: pilipili iliyo shambani yakuwashiani? Methali hii iliwekwa kumkanya mdaku asijitie katika mambo yasiyomhusu, na kwa kazi hiyo ni methali njema. Lakini siku hizi imegeuzwa kuwa maficho ya waoga. Jirani asikiapo ukelele wa mwanamke usiku, hutia komeo mlangoni, huzima taa, akajiambia kwamba pilipili hiyo si yake. Kulipokucha, mtu huyo huyo humwambia binti aliyenusurika: "Mwanangu, kanunue pilipili ya kopo ujilinde." Insha hii yapinga ushauri huo wa nusu. Kopo silichukii, nawapinga wale waliolifanya badala ya wajibu wao.

Kwanza yafaa tulijue kopo lenyewe, maana asiyekijua chombo chake hubeba mzigo tu. Ni kikopo kidogo kienezacho kiganja, na ndani yake mna mafuta yaliyotolewa katika pilipili kali, pamoja na hewa iliyoshindiliwa ili kuyarusha nje. Kiini cha ukali huo huitwa kapsaisini. Mwaka 1997 mtaalamu wa Marekani, David Julius, pamoja na wenzake, walionyesha mahali katika neva za mwili ambapo kapsaisini hushika, na mwaka 2021 alikuwa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa elimu ya namna hiyo. Mahali hapo ndipo papatapo habari za moto na kuzipeleka katika ubongo. Basi mtu aliyepuliziwa pilipili haungui, ila mwili wake wasadiki kwamba unaungua. Macho hufumba yenyewe, machozi humiminika, kikohozi humshika na pumzi humbana. Kwa watu wengi maumivu hayo hupungua baada ya nusu saa hata saa moja hivi.

Faida yake ni hiyo: mnyonge hupata dakika chache za kukimbia. Sitaki kuificha, wala kuidharau. Wako wasemao kwamba binti abebaye kopo hana haya, au kwamba anatafuta ugomvi. Hayo ni maneno matupu. Mtu afungaye mlango wake usiku hamtukani mpita njia. Tena Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, yampa kila mtu haki ya kuwa salama, asitendewe jeuri na serikali wala na mtu binafsi. Mwenye haki hiyo haombi radhi kwa kuitaka.

Lakini wauzaji wa makopo husifu bidhaa yao kana kwamba ni askari mzima, nao hunyamaza juu ya mengi. Hawasemi kwamba upepo ukivuma kuelekea kwako, pilipili hukurudia mwenyewe. Hawasemi kwamba ndani ya matatu iliyofungwa madirisha huwapata wote, mwovu na mwema, pamoja na mtoto mchanga na mgonjwa wa pumu ambaye yaweza kumhatarisha. Hawasemi kwamba kopo lililokaa miaka mingi hupoteza nguvu, wala kwamba mtu aliyelewa au aliyepandwa na hasira aweza kustahimili maumivu na kuendelea na ubaya wake. Aidha, kopo lililo chini ya vitabu mkobani halimfai mtu aliyekwisha kukamatwa mikono.

Na iko sheria. Nchini Uingereza, Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 yamkataza raia kuwa na kopo la namna hii. Nchini Marekani laruhusiwa katika majimbo yote 50, ingawa mengi yameweka masharti. Hapa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yahesabu kuwa silaha hata chombo kilichoundwa kurusha maji au hewa yenye madhara. Kwa hiyo anayetaka kulinunua na aulize kwanza kwa wanaoijua sheria, asitosheke na neno la mchuuzi. Ni aibu kumshauri kijana ajilinde kwa kitu ambacho mshauri hakujishughulisha hata kuuliza kama ni halali.

Tuseme sasa kwamba kopo ni jipya, upepo ni mzuri na sheria yaruhusu. Je, tumemaliza kazi? Mnamo Novemba 2014 wanawake waliandamana jijini Nairobi kwa sababu mwenzao alivuliwa nguo hadharani na kundi la wanaume katika kituo cha magari. Kikopo kimoja kingefanya nini mbele ya kundi? Alichokosa mwanamke yule ni watu kumi wa kusimama na kusema "Basi!" Vilevile, wachunguzi wa mambo haya wamesema mara nyingi kwamba mwanamke aghalabu huumizwa na mtu anayemjua: mume, mchumba au jamaa. Nani ajuaye kuketi mezani kwake akila chakula cha jioni huku ameshika kopo?

Tutazameni desturi yetu. Pakipigwa kelele ya "Mwizi!", mtaa mzima hutoka na marungu kwa ajili ya simu iliyoporwa. Akilia mwanamke, husemwa kwamba hayo ni mambo ya nyumbani. Je, simu ina thamani kuliko mtu? Wala siwatetei wapigao wezi. Nasema tu kwamba miguu ya kutokea tunayo. Tunachokosa ni nia.

Basi enyi wanafunzi, msikubali kuambiwa kwamba usalama ni kitu cha kununuliwa dukani na kila mtu kwa fedha zake. Daini taa katika njia mpitazo. Daini kwamba polisi waandike mashtaka ya mlalamikaji bila kumcheka. Nanyi wavulana, jambo hili ni lenu kabla ya kuwa la dada zenu, kwa kuwa mwovu mara nyingi hujigamba mbele ya rafiki zake kwanza, na rafiki anyamazaye humtia moyo. Anayetaka kubeba kopo kwa njia ya halali na alibebe, akijua lifanyavyo na lishindwavyo. Lakini asiwepo mtu mzima atakayempa binti kopo kisha akalala usingizi. Pilipili hii imo shambani mwetu sote, na asiyewashwa nayo hana budi kujiuliza kama angali na hisia.