Waya wa Shaba na Mbegu za Pojo



Mama mmoja jirani amenijia na swali. Wanachama wenziwe wameambiwa kwamba bustani ikiunganishwa na ardhi kwa waya wa shaba, mbegu huota upesi na mboga hunawiri. Waya huo ni ghali, nao wanakusudia kuununua kwa akiba ya chama. Je, ni kweli?

Dai la namna hii lina umri mkubwa. Katika miaka ya 1740, Mfaransa Jean-Antoine Nollet alitia umeme mbegu za haradali, akaona zimeota haraka. Mwaka 1918 Serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza umeme katika kilimo. Ikajaribu kwa miaka mingi, na mavuno hayakuwa ya kutegemewa. Tena hao walitia umeme hasa, ilhali waya wa ardhini hauna umeme unaouleta. Na mchicha wa bustanini, mizizi yake si imo ardhini tayari?

Hata hivyo, msiridhike na maneno yangu. Pimeni nyumbani pamoja na watoto. Chukueni sahani mbili za plastiki, pamba iliyoloweshwa kwa kipimo kimoja cha maji, na pojo 50 kwa kila sahani kutoka mfuko mmoja. Tieni kipande cha waya wa aina moja katika zote mbili, kwani shaba yenyewe yaweza kudhuru mizizi. Waya mmoja ufungeni kwenye msumari mrefu uliopigwa katika udongo mbichi nje. Wa pili uacheni bila kugusa chochote. Sahani zikae pamoja, penye joto na mwanga sawa. Hesabuni zilizoota kila asubuhi kwa siku nne, mwandike.

Zikiota 46 huku na 44 kule, hiyo si hoja. Mbegu hutofautiana hata katika sahani moja. Rudieni mara tatu, mkibadilishana sahani.

Nawasihi jambo moja: waya usikaribie kabisa soketi ya ukutani, hata lile tundu linaloitwa la ardhini. Huko mtoto hupoteza uhai kwa kosa dogo.

Pojo za kujaribia hugharimu shilingi chache. Akiba ya chama na ingoje hesabu hiyo kwanza.

Wabillahi tawfiq.