Bei ya nafaka huamuliwa njiani, si shambani

Kila bei ya mazao inaposhuka, wakulima huambiwa waongeze uzalishaji. Ushauri huo ni mzuri, lakini hautoshi. Historia ya Sintaluta, mji mdogo katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, inathibitisha hivyo.

Sintaluta ina wakazi 100 hivi. Iko katikati ya tambarare za ngano, mashariki ya jiji la Regina. Mwaka 1901 wakulima wa eneo hilo walivuna ngano nyingi mno, lakini sehemu kubwa haikufika sokoni kwa wakati. Reli waliyoitegemea ilikuwa ya kampuni ya Canadian Pacific, na wenye maghala ndio waliopewa mabehewa kwanza. Mkulima aliyekosa behewa alilazimika kumuuzia mwenye ghala, ambaye ndiye aliyepima mzigo, kupanga daraja na kutaja bei. Hivyo mavuno mazuri yakamnufaisha asiyelima.

Wakulima hawakuishia kulalamika. Desemba 1901 waliunda chama chao katika mji jirani wa Indian Head. Mwaka 1902 sheria ilirekebishwa ili mabehewa yagawiwe kwa zamu ya maombi. Sheria ilipopuuzwa, chama kilimshitaki wakala wa reli wa Sintaluta na kushinda.

Hatua ya pili ilikuwa kulijua soko. Mwaka 1905 wakulima wa Sintaluta walimtuma mwenzao, E. A. Partridge, kwenda Winnipeg kuchunguza biashara ya nafaka ilivyoendeshwa. Mwaka 1906 ikaanzishwa kampuni ya wakulima wenyewe, Grain Growers' Grain Company, kwa hisa za dola 25 kila moja. Mwaka 1917 iliungana na nyingine na kuitwa United Grain Growers.

Hata hivyo, umiliki usipolindwa hupotea. Mwaka 1993 kampuni hiyo iliingia katika soko la hisa. Mtaji ulihitajika, hilo halina ubishi, lakini yeyote mwenye fedha sasa aliweza kununua hisa. Baada ya miungano ya mwaka 2001 na 2007 ikawa sehemu ya Viterra, ambayo ilinunuliwa na Glencore mwaka 2012, kisha ikaungana na Bunge mwaka 2025. Kilichoanzishwa na wakulima wa mji mdogo sasa kimo mikononi mwa kampuni kubwa ya kimataifa.

Kwa Watanzania habari hii si ya mbali. Kuanzia miaka ya 1970 Kanada ilisaidia mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, yaliyokuwa chini ya shirika la umma la NAFCO. Matrekta na wataalamu walikuja, lakini uzoefu wa Sintaluta, wa wakulima kumiliki biashara ya mazao yao, haukuja nao.

Kwa mantiki hiyo, chama cha wakulima kisipimwe kwa idadi ya magunia peke yake. Wanachama waulize: nani anashika mizani? Nani anapanga zamu ya usafiri? Nani anaijua bei ya mjini kabla mzigo haujaondoka? Na kabla ya kuuza hisa, waulize pia nani atayajibu maswali hayo kesho. Mkulima asiyekuwa na majibu ataendelea kulima kwa bidii na kuuza kwa bei ya mwingine.