BIDII SI KELELE



Kuna neno la Kiingereza limeingia sana katika maombi yetu: “fervent”. Mhubiri akilisema, mkalimani anatafsiri “omba kwa nguvu”, nasi tunasikia “omba kwa sauti”. Anayeomba polepole anaambiwa amepoa. Najua washirika walioacha kuja kesha kwa sababu ya neno hilo, na inaniuma.

Asili yake ni Kilatini, maana yake kuchemka. Wengi tumelijua kupitia Yakobo 5:16 katika Biblia ya King James ya 1611. Lakini Yakobo aliandika neno moja tu la Kigiriki, la nguvu inayofanya kazi, lenye undugu na “energy” ya Kiingereza. Biblia yetu ya Kiswahili ikasema bidii. Sauti haikutajwa popote.

Sasa, kuchemka. Kina mama wa Bungoma, mnajua maharagwe. Yakianza kuchemka yanatoa povu mpaka kifuniko kinacheza, na bado ni magumu kama mawe! Unapunguza kuni, unaongeza maji, unangoja. Yanaiva kwa sababu moto haukuzimika.

Tena soma mstari unaofuata. Yakobo anamtoa Eliya kuwa mfano. Kule Karmeli (1 Wafalme 18), waliopiga kelele tangu asubuhi, wakarukaruka na kujikata kwa visu, walikuwa manabii wa Baali. Eliya alipotafuta mvua aliinama, uso katikati ya magoti, akawa anamtuma mtumishi wake kutazama upande wa bahari. Hakuna kitu. Rudi tena. Mara ya 7 ndipo kakaonekana kawingu kadogo. Hiyo ndiyo bidii.

Na Hana je? Midomo ilicheza, sauti haikusikika, na kuhani Eli akadhani amelewa. Watumishi wenzangu, hapo tuwe waangalifu.

Sisemi tunyamaze. Bartimayo alikemewa, akazidi kupaza sauti, na Yesu akasimama. Mwenye mzigo wa kulia na alie. Mimi mwenyewe ni wa kupaza, majirani ni mashahidi. Lakini imani ya mwenzako haipimwi kwa spika.

Kesha la Ijumaa liko kama kawaida. Wewe uliyekuwa umeacha, njoo uombe vile unavyoomba. Akitokea wa kukuambia umepoa, mwambie aje aniulize mimi.