Mbio Bila Mafuta Hazifiki Mbali

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi mnaolinda mwambao wa Kizuka na Rumonge, nyinyi hamna haja ya kufundishwa thamani ya lita moja ya mafuta. Katika miaka ya karibuni nchi yetu imeona foleni ndefu kwenye vituo vya petroli, nanyi mwajua kuwa boti ya doria isiyo na mafuta, hata ikiwa na injini kubwa namna gani, ni chombo kinachoelea tu. Kwa kipimo hicho hicho twapenda leo kuizungumzia reli.

Tangu Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, mwambao wetu umekuwa ukipokea mizigo ya reli kwa njia ya ziwa. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, kiasi cha kilometa 282. Jambo jema likija, hayakosi maneno ya barazani. Wako wasemao kwamba, maadamu tunaanza upya, tungetafuta garimoshi lenye mbio kupita yote, hata likisukumwa na injini ya ndege.

Wasichekwe, kwani jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Tarehe 23 Julai 1966, huko Marekani, kampuni ya reli ya New York Central ilifunga juu ya behewa la abiria injini mbili za jeti, za aina iliyotumiwa na ndege za kudondosha mabomu. Behewa hilo lilikimbia karibu kilometa 296 kwa saa. Warusi nao waliunda behewa lililobeba injini mbili za ndege ya Yak-40, likafikia kilometa 249 kwa saa. Na huko Ufaransa, mhandisi Jean Bertin aliunda chombo kilichoelea juu ya hewa bila magurudumu. Mwezi Machi 1974 kilifikia kilometa 430 kwa saa.

Tuulize basi: viko wapi leo? Hakuna hata kimoja kati ya vitatu hivyo kilichopata kubeba abiria katika safari za kila siku. Behewa la Marekani lilivuliwa injini zake likarudi katika kazi ya zamani. Pua ya lile la Warusi imekuwa mnara wa ukumbusho katika mji wa Tver. Mpango wa Bertin ulifutwa mwaka ule ule wa 1974.

Sababu yake si ngumu. Ndege huisukuma hewa kwa kuwa angani haina pengine pa kukanyaga. Garimoshi lina chuma chini yake. Likiacha kukanyaga chuma likasukuma hewa, hupoteza nguvu na kuwatia uziwi wakazi wa kando ya njia.

Ipo njia nyingine, nayo ni injini ya turbini. Humo gesi ya moto huzungusha mapanga, na nguvu yake hupelekwa kwenye magurudumu. Kampuni ya Union Pacific ya Marekani ilivuta mizigo mizito kwa mitambo hiyo tangu mwaka 1952 hadi karibu na mwaka 1970. Mingine ilikuwa na nguvu za farasi 8,500. Lakini ilikunywa mafuta karibu mara mbili ya injini ya dizeli. Iliweza kuishi kwa sababu ilichoma mafuta mazito ya bei ndogo, na mafuta hayo yalipopanda bei, ikastaafishwa. Isitoshe, turbini hunywa sana hata ikiwa imesimama. Askari wa vifaru wanaomjua M1 Abrams wa Marekani, mwenye injini ya aina hiyo, wataelewa tusemalo.

Somo kubwa twalipata Ufaransa. Garimoshi la majaribio la TGV 001, lililoendeshwa kwa turbini, lilifikia kilometa 318 kwa saa tarehe 8 Desemba 1972. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ulimwenguni ikaruka. Wafaransa hawakung'ang'ania kwa kuona haya. Waliyahifadhi maarifa waliyoyapata, wakaiacha turbini, wakashika umeme. Na mwaka 1981 garimoshi lao likaanza kuchukua abiria kati ya Paris na Lyon. Jemadari hodari hubadili mpango wake hali ya uwanja inapobadilika, wala hakuna aibu katika hilo.

Sisi hatuchimbi mafuta, bali tunayo maji yanayoporomoka. Maporomoko ya Rusumo twayatumia pamoja na Rwanda na Tanzania kufua umeme wa megawati 80. Mito ya Jiji na Mulembwe, huku huku kusini kwetu, imewekewa mradi wa karibu megawati 50. Jirani zetu wa Tanzania wanasafiri kwa garimoshi la umeme tangu Juni 2024, lenye uwezo wa kilometa 160 kwa saa. Mbio hizo zatutosha, maana maji ya mto hayangoji lori la mafuta kutoka ng'ambo.

Hata hivyo, umeme nao una udhaifu wake. Garimoshi la turbini hubeba mafuta yake lenyewe. La umeme hutegemea waya, na mwizi mmoja wa shaba aweza kuwasimamisha abiria mamia porini. Hapo ndipo kazi yenu inapoanza. Reli hiyo haitapita Kizuka, lakini huenda baadhi yenu mkapelekwa kuilinda. Mkiuona waya ule juu ya nguzo, msiuone kuwa ni mali ya wahandisi peke yao. Ndio mshipa wa damu wa safari nzima, nao utakuwa salama kadiri mtakavyokuwa macho.