Baridi ikiingia, acheni kuunywesha mpungate

Maji ndiyo yanayoiua mipungate mirefu ndani ya nyumba zetu huku Marekani, na huiua kati ya Novemba na Machi. Mwenye mmea hutazama theluji dirishani, akauona mmea umenywea kidogo, akauonea huruma, akachota kikombe. Naandika kuomba kikombe hicho kirudishwe jikoni.

Ninaishi Louisville, Kentucky. Mdogo wangu yuko Columbus, Ohio, na mwanangu wa kwanza anafanya kazi Buffalo, New York. Sote watatu tunakuza mpungate mmoja: niliikata nguzo yangu vipande, kila mmoja akapata chake. Ni Cereus, wenye kijani kinachoelekea buluu, mbavu zilizosimama wima na miiba iliyopangika ukingoni mwa kila ubavu. Kwao Amerika ya Kusini hufika mita 10, na ua lake jeupe hufunguka usiku mmoja tu, asubuhi likanyauka.

Sisi tuliokulia Uvira na kupitia kambi ya Nyarugusu tunaupenda kwa kuwa unafanana na miti ya kwetu. Lakini si ukoo mmoja. Ile miti ya miiba iliyojaa msituni kando ya Ziwa Nakuru, pamoja na minyaa ya uani, hutoa utomvu mweupe unaoweza kudhuru macho vibaya. Mpungate huu hautoi maziwa hayo. Madukani huku koo hizo mbili huuzwa kwenye rafu moja, kwa hiyo mwenye watoto wadogo avae glavu, achome ngozi ya mmea kwa sindano, aone kinachotoka kabla ya kuuweka mahali wanapofika.

Turudi kwenye maji. Desemba, mchana wa Buffalo ni wa takribani saa 9, na mara nyingi mawingu ya Ziwa Erie huumeza hata huo. Columbus haina nafuu kubwa. Ndani, sebule zetu zina joto kama la Bujumbura. Mmea uliopashwa joto na kunyweshwa huanza kukua, lakini nuru ya kuulisha haipo. Hutoa kipande chembamba kilichopauka, ambacho hakitapata tena unene wa shina lililo chini yake. Majira ya joto yakirudi, kipande kinene huota juu ya kile chembamba, na nguzo inabaki na shingo dhaifu inayobeba mzigo mzito. Huko chini, udongo ulioloa huku mizizi imelala huozesha shina.

Kipande cha Columbus kina shingo hiyo, maana kilipitisha baridi kando ya hita kikinyweshwa kila wiki. Cha Buffalo kilikaa katika chumba chenye ubaridi, mbele ya dirisha la kusini, kikavu kabisa. Mwanangu alinipigia simu: “Mama, kimekonda, mbavu zinaonekana.” Nikamwambia akiache hivyo hivyo. Majira ya kuchipua alipokimwagilia, kilijaa tena, na leo kimenyooka kuliko hata changu.

Anayeona ukatili hapo akautazame mpungate wa asili wa Kentucky na Ohio, ule mfupi wa vipande bapa utambaao chini. Baridi inapokaribia hupunguza maji mwilini, ukakunjamana na kujilaza, na ukavu huo huusaidia usipasuliwe na barafu. Mipungate ya nguzo haiwezi kuachwa nje kwenye theluji, lakini kanuni ni ileile: ukavu kwanza, kisha baridi.

Basi Septemba punguzeni maji. Kabla umande haujaanza kuganda, uingizeni mmea ndani, mahali penye nyuzijoto 8 hadi 13 na nuru yote mnayoweza kuupa. Usinyweshwe hadi Machi. Asiye na chumba cha ubaridi aupe maji kidogo mno, mara moja kwa mwezi. Aprili rudisheni maji polepole. Kuutoa nje, Louisville ni mwanzo wa Mei, Columbus katikati, Buffalo mwishoni. Uanzie kivulini, kwa sababu jua la ghafla huunguza ngozi na kovu halitoki. Chungu kiwe kizito, chenye tundu, na nusu ya udongo iwe changarawe ndogo. Shina likioza, kateni juu ya weusi mpaka nyama iwe safi, mliache likauke kivulini wiki mbili au zaidi, ndipo mlipande.

Kikaratasi kilichokuja na mpungate mmoja niliowahi kununua kiliagiza maji kila wiki, bila kutaja majira. Anayeuza mmea wa nchi kavu katika miji ya theluji ana wajibu wa kuandika neno Novemba. Wapo wanaoniambia: ua tu hilo, likifa nunua jingine. Siafiki hata kidogo. Nguzo inayozidi kimo cha mtu ni kazi ya miaka mingi. Nendeni mkaitazame iliyokomaa kwenye nyumba za kioo za Buffalo, zilizofunguliwa mwaka 1900, au Franklin Park ya Columbus, iliyojengwa 1895, kisha mniambie kama kitu hicho ni cha kutupwa pipani.

Wajibu mwingine ni wetu. Anayemkatia mwenzake kipande ampe na maelezo kwa Kiswahili, kwa mkono wake, yakianza na miezi ya kiu. Na wanaosoma matangazo katika mikusanyiko yetu wayasome Oktoba, kabla hita hazijawashwa, kwa sababu ikifika Machi shina huwa limeshaoza.