Eti Wanasaidia Tu

Kila ikifika Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, huku Kyela tunasikia hotuba zilezile. Mwanamke aliyeitumikia jamii ni mbunge, ni daktari, ni Harriet Tubman wa Marekani aliyetorosha watumwa. Na yule mama wa Kikisi anayetia nanga soko la Lyulilo Jumamosi alfajiri na mtumbwi wa vyungu? Ah, huyo anamsaidia mumewe.

Neno hilo "anasaidia" nalichukia.

Nenda Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, ukamtazame akifinyanga. Bonge la udongo liko juu ya kigae. Mkono mmoja unakizungusha kigae, mwingine unachimba tumbo la chungu. Kisha anakwangua kuta kwa gunzi la mahindi, anazisugua kwa kokoto laini mpaka zing'ae. Gurudumu hana, rula hana, na vyungu kumi vinatoka kama mapacha. Bado kuanika, bado kuchoma, na mvua ya ghafla inaweza kumlia kazi ya wiki nzima. Kwa Wakisi mwanamume ni mvuvi; ufinyanzi ni wa mama na binti yake, na vyungu vyao vinapika maharage hadi Mbeya mjini. Ziwa Nyasa likichafuka usipa, dagaa wa huku, hakuna, na wiki hiyo chungu ndicho kinachonunua mchele na daftari za shule. Sasa nani anamsaidia nani?

Tunasema mfinyanzi hulia gaeni, halafu tunacheka, kana kwamba ni uzembe wake. Kizima si amekipeleka sokoni!

Na hao wanaomtaja Tubman wangemsoma hadi mwisho. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 alikuwa mpishi, muuguzi na mpelelezi. Mwaka 1863 aliongoza njia katika uvamizi wa Mto Combahee, wakakombolewa watumwa zaidi ya 700. Mwaka 1899 Bunge likampandishia pensheni kutoka dola 8 za ujane hadi 20 kwa mwezi, kwa ajili ya uuguzi. Upelelezi haukuhesabiwa. Kumbe hata yeye "alisaidia".

Kwenye sherehe moja niliyohudhuria, mgeni rasmi alikabidhiwa chungu cha Kikisi chenye nakshi nyeupe. Mshereheshaji akatangaza: zawadi kutoka kwa uongozi. Makofi. Aliyekifinyanga alikuwa nyuma ya turubai, anasaidia kupakua wali.