Mstari uliokatikakatika usinyooshwe

Wizara ya Madini, katika dira yake ya "Madini ni Maisha na Utajiri", imeahidi kwamba ifikapo 2030 nusu ya Tanzania itakuwa imepimwa kwa kina kwa vifaa vya jiofizikia vinavyobebwa na ndege, kutoka asilimia 16 ya wakati dira hiyo ilipotangazwa. Lengo ni zuri na sina ugomvi nalo. Lakini ndege zina sifa inayowapendeza wanasiasa: zinaonekana. Ipo kazi nyingine isiyoonekana, isiyo na uzinduzi wala utepe wa kukata, nayo ni kuzichukua ramani za jiolojia zilizochorwa kwa mkono kwa karibu miaka mia moja, kuziingiza kwenye kompyuta na kuziunganisha ziwe ramani moja ya eneo zima. Wengi huidhani kazi ya kunakili, ya karani mwenye skana na subira. Mimi naiona kazi ya kisayansi yenye hatari yake, na hatari inayonitisha zaidi ni kwamba karatasi zitahifadhiwa zote huku shaka iliyoandikwa juu yake ikifutwa.

Tuanze na kilichomo makabatini. Idara ya jiolojia ya Tanganyika ilianza 1925, na Dodoma ndipo yalipo hadi leo makao ya mrithi wake, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST. Wajerumani walikuwa wametangulia. Mwaka 1900 Wilhelm Bornhardt alichapisha kitabu kikubwa juu ya sura ya nchi na miamba ya koloni lao. Waingereza waliigawa nchi katika vipande vya nusu digrii kwa nusu digrii, yaani upande wa takriban kilomita 55, na kwa kuwa vipande vinne hujaza digrii moja ya mraba, viliitwa robo digrii. Wataalamu wetu bado huviita QDS, kwa kifupisho cha Kiingereza cha jina hilo. Kuijaza nchi nzima kunahitaji zaidi ya 300. Mjiolojia aliyepewa kipande alikitembea kiangazi, akiwa na dira, nyundo na daftari, pamoja na wapagazi na waongozaji wa kienyeji ambao majina yao ni nadra kuyaona pembeni mwa ramani. Alifuata njia na makorongo yaliyokata miamba, na kati ya njia moja na nyingine kulibaki kilomita ambazo hakuzikanyaga. Hilo alilijua, naye alilisema kwa kalamu. Alipouona kwa macho mpaka wa miamba miwili, alichora mstari mzima. Alipoukisia, mstari ukakatikakatika. Ulipozama chini ya udongo mweusi wa mbuga, akaweka nukta, na aliposhindwa kabisa akaweka alama ya kuuliza.

Ramani hiyo ikichorwa upya kwenye kompyuta, jambo la kwanza ambalo programu hudai ni kwamba kila umbo lifungwe. Mwamba lazima uwe na mpaka kuuzunguka wote, la sivyo rangi haijai. Basi mchoraji, ambaye huenda hajawahi kufika Mpwapwa wala Chunya, huufunga. Mstari uliokatikakatika hunyooka, nukta huungana, na alama ya kuuliza, kwa kuwa haina safu yake kwenye jedwali, hubaki nje. Hakuna aliyedanganya, ila kisio la mtu aliyesimama kilomita tatu kutoka mahali penyewe mwaka 1937 sasa lina unene, rangi na heshima sawa na mpaka ambao mwenzake aliugusa kwa mkono.

Kisha huja suala la vipimo. Ramani nyingi za zamani zilichapwa kwa skeli ya 1:125,000. Kwa skeli hiyo, mstari wenye upana wa nusu milimita hufunika zaidi ya mita 60 za ardhi, hata kabla hatujauliza kama mchoraji aliuweka mahali pake. Kwenye karatasi mipaka hiyo ya uwezo inaonekana wazi, maana huwezi kuivuta karatasi ikakua. Kwenye simu unaivuta kwa vidole viwili mpaka mti mmoja mmoja uonekane, na mstari unabaki mwembamba vilevile, kana kwamba uliwekwa kwa GPS. Tena viwianishi vyenyewe havilingani. Ramani nyingi za enzi hizo zilijengwa juu ya mfumo wa Arc 1960 au iliyoutangulia, ilhali simu hutumia WGS84, na katika nchi yetu nukta moja ikisomwa kwa mifumo hiyo miwili bila kubadilishwa huhama takriban mita 300, zaidi kuelekea kaskazini au kusini. Leseni ya mchimbaji mdogo wa dhahabu haizidi hekta 10. Mraba wa hekta 10 una upande wa mita 316. Kwa hiyo mtu aliyekosea hatua hii moja ya hesabu anaweza kulipia leseni, kukodi mashine na kuchimba shimo katika kitalu kizima ambacho si kile alichokiona kwenye ramani. Kampuni kubwa ina mtaalamu wa kuligundua kosa hilo asubuhi ya kwanza. Mchimbaji mdogo analigundua fedha zikiisha.

Unapoziweka karatasi mbili jirani ubavu kwa ubavu, mara nyingi unakuta granaiti ya upande huu inakoma ghafla kwenye mstari ulionyooka kama rula, na ng'ambo yake inaanza naisi. Ardhi haikukatwa hivyo. Ni wanajiolojia wawili, miaka ishirini kati yao, walioupa mwamba uleule majina mawili. Mwunganishaji hana budi kuamua, na uamuzi huo ni tafsiri yake, si ushahidi wa waliotembea. Ndivyo ilivyo pia kwa umri. Waliochora kabla ya vipimo vya mionzi kuenea waliipanga miamba kwa kulinganisha sura yake: hii ni ya Nyanza, ile ya Dodoma, ile ya Usagara. Baadaye wataalamu, akiwemo Profesa Sospeter Muhongo kabla hajawa waziri, walipima umri wa punje za madini ya zirkoni katika miamba ya mashariki mwa nchi, na vipimo vya aina hiyo vimeonyesha kwamba ukanda huo ulipikwa na kukandamizwa takriban miaka milioni 640 iliyopita, huku ndani yake mkiwa na miamba iliyozaliwa zamani zaidi ya hapo, mingine kwa zaidi ya miaka bilioni mbili. Makundi ya zamani, basi, mengine yalibomoka. Lakini aliyeandika daftarini "naisi yenye ganeti, mwinamo digrii 40 kuelekea mashariki" bado yuko sahihi. Jiwe liko palepale na limeinama vilevile. Ramani bora ya kidijitali huweka tabaka mbili: alichokiona mtu, na tunachoamini leo kinamaanisha nini. Zikichanganywa, nadharia itakapobadilika tena tutalazimika kutupa vyote viwili.

Yapo mapingamizi, na mengine ni mazito. La kwanza linasema ramani hizi ni za kikoloni, zilichorwa kuhudumia reli na migodi ya watu wengine. Ni kweli. Maeneo yaliyonusa dhahabu, kama Lupa na Geita, yalichunguzwa kwa ari ambayo mapori ya mbali hayakuipata. Lakini upendeleo huo ni sababu ya kuuonyesha, kwani usipoonyeshwa unaendelea kutuongoza bila sisi kujua. Mahali palipo peupe kwenye ramani mara nyingi hapana maana ya kwamba hakuna kitu. Pana maana ya kwamba hakuna aliyepita. Ramani inayoonyesha njia za waliotembea ingempa mtafiti wa leo orodha ya mahali pa kuanzia, na kwa bei ya mafuta ya gari. Wala tusisahau kwamba wageni wenyewe hawakuzidharau kumbukumbu hizi. Mgodi wa Geita ulizalisha dhahabu tangu miaka ya 1930, ukafungwa 1966, ukafunguliwa upya 2000 na watu walioanzia kwenye mashimo ya zamani. Nikeli ya Kabanga ilitokana na utafiti wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa wa miaka ya 1976 hadi 1979. Mto Mkuju nao ulitafutwa urani na Wajerumani wa kampuni ya Uranerzbergbau miongo kadhaa kabla haujawa habari ya magazeti.

Thamani yake haiishii kwenye madini. Visima vya Makutupora vinavyoinywesha Dodoma vina kumbukumbu za kina cha maji zinazoanzia miaka ya 1950. Watafiti walipozikusanya, wakapata mfululizo wa miaka 55, walichapisha 2013 ushahidi kwamba maji hayo ya ardhini hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa mno, mara nyingi ya El Niño, na kwamba mvua za kawaida huchangia kidogo. Hakuna kifaa kipya ambacho kingeweza kurudi nyuma kupima 1961. Wanaopanga maji ya makao makuu ya nchi wana jibu hilo kwa sababu watu fulani waliandika namba, tarehe na jina la kisima, na wengine hawakuzichoma.

Pingamizi la pili ni la wapenda ndege: kwa nini tuhangaike na nyundo za wafu wakati tunaweza kupima upya? Jibu ni kwamba ndege haioni mwamba. Inapima usumaku na mionzi, na namba hizo huwa jiolojia pale tu mtu anapozilinganisha na jiwe lililoshikwa mkononi. Mwinuko wa usumaku unaweza kuwa mwamba wa chuma wenye dhahabu kandoni mwake, au daiki, yaani ukuta wa mwamba wa dolerite, isiyo na chochote cha kuuza. Uganda iliruka kati ya 2006 na 2009, ikapima takriban asilimia 80 ya nchi, Karamoja ikiachwa kwa sababu za usalama. Hata hivyo ilihitaji miaka mingine ya wanajiolojia ardhini, wakiongozwa na taasisi ya jiolojia ya Finland, kabla ya ramani mpya na kitabu cha maelezo kilichotoka 2014. Nasi tulikwisha kuruka. Kati ya 1977 na 1980 nchi nzima ilipimwa kwa ndege, mistari ikiachana kilomita moja. Upimaji ule uliokuwa wa kisasa kabisa leo nao ni wa zamani, na matokeo yake yaliyokuwa kwenye karatasi yalilazimika kuingizwa kwenye kompyuta. Vipimo vya ndege za sasa vitafuata njia hiyohiyo. Tusipojifunza sasa kuhifadhi asili ya kila kipimo, 2060 wajukuu watakuwa wanabishana kuhusu mistari yetu.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la tatu: mtumiaji anataka jibu, na ramani iliyojaa shaka itamchanganya mkulima na kumkimbiza mwekezaji. Kuhusu mwekezaji sina wasiwasi. Anajua ramani zote zina shaka, na asipoambiwa kiasi chake anajikisia mwenyewe, kisha anaikata bei ipasavyo. Kuhusu mwananchi, shaka haina haja ya kuandikwa kwa lugha ya maabara. Rangi iliyokolea kwa palipotembelewa na iliyofifia kwa palipokisiwa inaeleweka na mtoto wa darasa la tano. Nyuma ya rangi hiyo ndipo panapohitaji nidhamu, na nidhamu yenyewe imekwisha kubuniwa. Kiwango cha ramani za kidijitali cha taasisi ya jiolojia ya Marekani, kiitwacho GeMS, hudai kila mstari ueleze mambo manne: kama una hakika upo, kama una hakika ni wa nini, umewekwa kwa usahihi wa mita ngapi, na umetoka kwenye chanzo kipi. Hizo ni safu nne kwenye jedwali, na kompyuta ya kawaida kabisa inazimudu.

Gharama ipo mahali pengine. Kuzijaza safu hizo kunamtaka mtu anayejua jiolojia akae na ramani, ripoti na daftari la aliyeichora, mstari kwa mstari. Kipande kimoja kinaweza kumla miezi. Wapo wastaafu waliovitembea baadhi ya vipande hivyo baada ya Uhuru, wanaokumbuka ni wapi gari lilikwama na kipande cha kaskazini kikakamilishwa kwa picha za angani tu. Wao hawatakuwapo daima, na sijasikia mradi unaowalipa posho ya kukaa wiki mbili mbele ya ramani zao wenyewe. Kumbukumbu nyingine ziko Ulaya. Majirani zetu wa Kongo wanalijua hilo kwa uchungu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kumbukumbu zao za jiolojia za enzi ya ukoloni ipo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na Julai 2025 serikali yao ilitia saini makubaliano na kampuni ya Kimarekani ya KoBold Metals ambayo, pamoja na mengine, yaligusa kuziingiza kumbukumbu hizo kwenye mfumo wa kidijitali. Atakayeamua mstari upi ni wa hakika na upi ni wa kukisia ndiye atakayeijua nchi kuliko wengine, na sioni sababu ya kumwachia kampuni uamuzi huo.

Kwetu, marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yaliipa GST jukumu la kutunza taarifa zinazozalishwa na wenye leseni, kwa hiyo mwenye kazi anajulikana. Kinachokosekana ni sharti. Mkataba wowote wa kuingiza ramani za zamani kwenye kompyuta ungepaswa kukataa kupokea faili isiyotaja, kwa kila mpaka, nani aliuchora, mwaka gani na kwa uhakika gani, na kumlipa mkandarasi kwa mistari iliyohakikiwa badala ya idadi ya karatasi zilizoskaniwa. Vipande vipya vya QDS vitakapopelekwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Nishati na Madini, mbunge hahitaji kuwa mjiolojia ili aulize ni sehemu gani ya kipande hicho iliyokanyagwa na mtu, na ni ipi iliyojazwa mezani.